Gonga Like: Kutoka Noti ya Taarab Hadi Kidole Gumba

Noti ya taarab haitolewi kwa kukaa. Mwenye nia ya kumtunza mwimbaji husubiri ule ubeti unaomgusa, kisha huinuka taratibu, akatembea kwa madaha akifuata mdundo, noti ameibana juu kwa vidole viwili ukumbi mzima uione. Wala haendi moja kwa moja mbele. Anaweza kupitia karibu na meza fulani, akasita hapo kidogo, akatikisa bega, ndipo akaendelea. Mwimbaji akiipokea, mara nyingi huurudia ubeti uleule. Waliokaa kwenye ile meza wamejua, na wengine wote wanajua kwamba wamejua.

Katika tendo hilo lote halikutamkwa neno. Noti inaweza kuwa imesema wimbo ni mzuri. Inaweza pia kuwa imesema maneno haya ni yangu, nimesemewa. Au: wewe pale, umesikia? Mwanaanthropolojia Kelly Askew, aliyefanya utafiti wake Tanga miaka ya 1990 na kuuchapisha mwaka 2002, alieleza kwa kirefu jinsi kutunza kunavyobeba ugomvi, mapenzi na majibizano ya watu ambao wasingethubutu kuambiana usoni. Uzuri wake ni kwamba aliyetunza anaweza kukana. Akiulizwa, atajibu kwamba yeye alipenda sauti tu.

Watu waliolelewa na desturi ya namna hiyo ndio waliopelekewa kitufe cha like. Wahandisi wake walidhani wanawapa njia ya kusema "nimependa". Waliokipokea walikuwa na karne nzima ya ujuzi wa kutoa ishara isiyo na neno mbele ya kadamnasi, na tangu siku ya kwanza walikitumia kwa mambo mengine.

Huko California kitufe hicho kilizaliwa kwa sababu za kikazi. Wafanyakazi wa Facebook, wakiwemo Leah Pearlman na Justin Rosenstein, walikerwa na maoni yanayofanana: mtu akitangaza uchumba, chini yake hupangana hongera juu ya hongera mpaka maoni yenye maelezo yanazama. Mwaka 2007 wakaanza kubuni kitufe ambacho kwa muda walikiita "awesome". Mark Zuckerberg alikikataa zaidi ya mara moja. Kilipotoka rasmi, tarehe 9 Februari 2009, kilikuwa na jina la like na mchoro wa kidole gumba. Wala hakikuwa cha kwanza duniani; Vimeo walikuwa na chao tangu 2005, na FriendFeed tangu 2007.

Ni wazi wahandisi hao hawakuwahi kukaa kwenye kikao cha harusi cha Waswahili. Hongera arobaini zinazofanana si uchafu wa kufagiwa. Kila anayeitoa anataka ionekane kwamba yeye, mtoto wa fulani, ameitoa, na mwenye shughuli atakumbuka nani hakutoa. Facebook ilikuja kuponea kwenye jambo dogo ambalo pengine halikupewa uzito mkubwa: chini ya idadi ya like, mtu aliweza kubofya akaona orodha ya majina. Kwa msomaji wa Pwani, orodha hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Mwaka huo wa 2009 mambo matatu yalifuatana kwa karibu. Februari kitufe kikatoka. Juni Facebook ikafungua toleo lake la Kiswahili. Tarehe 23 Julai mkongo wa baharini wa SEACOM ukazinduliwa, ukiigusa Dar es Salaam na Mombasa, baada ya miaka ya kutegemea setilaiti na intaneti kafe ambako mtu alilipia nusu saa na kutumia robo yake kusubiri ukurasa mmoja ufunguke. Mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Simu za bei nafuu zikafuata, kisha bando za siku, na mwaka 2014 Tigo ikashirikiana na Facebook kuwapa wateja wake Tanzania Facebook ya Kiswahili bila makato. Picha zilikula bando na video zilikula zaidi. Like haikula karibu kitu, na hilo lilikuwa na uzito kwa mtu mwenye shilingi mia tano za wiki nzima.

Ushabiki wa kuhesabiana nao ulikuwa na mizizi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, alifuatilia jinsi ngoma hiyo ilivyoanza kwenye miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa Tanganyika, na kugawa miji na vijiji katika kambi mbili, Marini na Arinoti. Watu walishindana kwa mavazi, gwaride na ukubwa wa karamu, na mshindi alijulikana kwa wingi wa waliojitokeza. Unguja, katikati ya karne ya 20, vikundi vya wanawake vya taarab vilijiita Royal Navy na Royal Air Force, vikaviziana kwa nyimbo. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vya TOT na Muungano: Khadija Kopa upande mmoja, Nasma Khamis "Kidogo" upande wa pili, na mashabiki waliobeba noti kama wanaokwenda kupiga kura.

Mtu aliyeyaona hayo hashangai anapofungua video ya Bongo Fleva YouTube na kushuka kwenye maoni. Huko wimbo wenyewe haujadiliwi sana. "Kama na wewe umekuja kuusikiliza tena, gonga like twende sawa." "Wakenya mpo? Gongeni like tujuane." "Wapi likes za Team Kiba?" Ali Kiba aliporudi mwaka 2014 na wimbo wa "Mwana", mashabiki wake na wale wa Diamond Platnumz waligeuza kila picha ya Instagram kuwa uwanja wa kuhesabiana. Juni 2020 Diamond alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa mara bilioni moja YouTube, na takwimu hiyo ilitumika mitaani kama bao la dakika ya tisini. Hakuna aliyeuliza ni mara ngapi kati ya hizo bilioni wimbo ulisikilizwa hadi mwisho.

"Tujuane" ndilo neno la kuliangalia hapo. Anayeandika maoni hayo haombi asifiwe. Hajatunga wimbo na hana cha kusifiwa. Anaitisha mahudhurio. Anataka kujua ni watu wa aina yake wangapi wako ukumbini, na wale wanaogonga like wanamjibu: nipo.

Kazi hiyo ya kusema nipo ilifanywa na redio kwa miongo mingi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo kwa karibu miaka thelathini haikuwa na mshindani wa ndani Tanzania Bara. Kilichowapendeza wasikilizaji wengi kuliko hotuba na hata muziki kilikuwa vipindi vya salamu. Kadi ilinunuliwa, ikajazwa kwa kalamu ya wino: jina la mtumaji, mara nyingi likiwa na jina la utani la kujitukuza, sanduku lake la posta, mji wake, kisha orodha ya wanaosalimiwa, na mwisho ujumbe. Mtangazaji aliisoma kadi kwa mfululizo mmoja bila kupumua. Salamu zimwendee fulani wa Kilosa, fulani wa Tanga mjini, mama watoto wa Kibaha, na wote wanaonifahamu.

Anayesalimiwa huenda alikuwa anaishi nyumba ya pili. Kumsalimia kwa redio kulikuwa na maana kwa sababu nchi nzima ilisikia. Kuachwa kwenye orodha kulisikika vilevile. Kenya, ambako Idhaa ya Taifa ya KBC ilikuwa na wapenzi wa salamu wasiohesabika, na Tanzania pia, watuma salamu walifikia hatua ya kuunda klabu, wakatembeleana, wakachangiana harusi na misiba, watu ambao mwanzoni walijuana kwa majina ya hewani tu. Kadi ilikuwa na gharama: pesa ya kununulia, nauli au stempu ya kuifikisha, wiki za kusubiri isomwe. Kwa hiyo orodha ilikuwa fupi na kila jina lilikuwa na sababu yake.

Kisha simu za mkononi zikaingia, Mobitel mwaka 1994, Vodacom mwaka 2000, na kwa mara ya kwanza ishara ikawa bure. Kubip kulikuwa ufundi. Simu inalia mara moja, inakatwa kabla haijapokelewa, salio linabaki lilivyo, na ujumbe umefika. Ujumbe gani? Hilo lilipangwa kabla. Mlio mmoja, nimefika salama. Miwili, nipigie. Kwa wapenzi mlio wa usiku haukuhitaji tafsiri.

Picha ya Ndege ni mahali pazuri pa kukumbuka enzi hizo. Ni kata ya mji wa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita arobaini kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kibaha ilijulikana kwanza kwa Shirika la Elimu, mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa serikali mwaka 1970, pamoja na shule, maktaba na hospitali ya Tumbi. Baadaye ikawa pia mji wa watu wanaolala huku na kufanya kazi mjini. Mtu anayetoka Kariakoo jioni, akibadili gari Mbezi na kupanda daladala ya Mailimoja, ana saa mbili au tatu ambazo nyumbani hawajui yuko wapi. "Ukifika Mbezi nibip." Mlio ukisikika, sufuria inainjikwa.

Mtafiti Jonathan Donner aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za kubip, kwa kuzungumza hasa na watumiaji wa simu Kigali, na alichokikuta Rwanda kingeweza kuandikwa Pwani bila kubadilishwa. Mwenye uwezo ndiye anayepaswa kupiga. Maskini akibip si aibu. Bosi habipiwi ovyo. Na mwanamume anayechumbia hapaswi kubip kabisa, maana ataonekana hana kitu. Ishara ileile, ya bure ileile, iligeuka heshima au kejeli kulingana na nani kaituma kwa nani. Like na kidole gumba vilirithi kanuni hizo nzima nzima, pamoja na ugomvi wake.

WhatsApp ndiyo iliyouleta ugomvi huo sebuleni. Novemba 2014 programu hiyo ilianza kuonyesha tiki mbili za bluu ujumbe unaposomwa, na kwa siku moja ikafuta kisingizio kilichokuwa kimedumu tangu enzi za barua, kwamba sikuipata. Sasa mtu aliona kabisa kwamba umesoma, ukamkaushia. Katika jamii ambayo kumpita mtu barazani bila salamu ni kosa la kujadiliwa hadi jioni, tiki za bluu zisizo na jibu zilikuwa ni kumpita mtu huku unamtazama machoni. Mei 2022 WhatsApp ikatoa dawa yake: vitufe sita vya kubandika chini ya ujumbe bila kuandika. Kidole gumba, moyo, kicheko, mshangao, uso unaotoa chozi, na mikono iliyokutanishwa. Julai ikaruhusu alama yoyote. Programu nyingine zilikuwa zimetangulia, na Facebook yenyewe iliongeza moyo, kicheko, mshangao, huzuni na hasira kwenye like yake Februari 2016.

Alama hizo zina ukoo wa Kijapani. Emoji zilianza kwenye simu za Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, na ile mikono iliyokutanishwa ilichorwa na watu waliokuwa wakifikiria namna Mjapani anavyoomba na anavyoshukuru. Kwenye makundi ya Kiswahili imekuwa amina, asante, pole, naomba, na samahani ya mtu aliyechelewesha mchango.

Chukua kundi la WhatsApp la mtaa wowote wa Picha ya Ndege au Mkuza, hapo Kibaha, lenye watu mia na kitu, na ujumbe wa aina tatu ambao unaweza kufuatana ndani ya asubuhi moja. Wa kwanza ni tangazo la msiba: mwenzetu amefiwa na mama yake mzazi, taratibu zinaendelea nyumbani kwake, maziko kesho saa kumi. Wa pili, kikao cha ulinzi shirikishi Jumapili. Wa tatu, boza la maji limepatikana, wanaohitaji wajiorodheshe. Chini ya ujumbe wa boza kidole gumba ni oda. Asiyeandika idadi ya ndoo atalaumiwa, lakini ataletewa. Chini ya kikao, kidole gumba ni ahadi ambayo kila mtu anajua nusu yake haitatimia. Chini ya msiba ndipo watu hutofautiana. Kijana anabandika kidole gumba akimaanisha nimepata taarifa, nitakuwepo. Mama wa makamo anakiona na kuguna, kwa sababu anachokiona yeye ni mtu anayesema "safi" mbele ya maiti. Yeye ataandika "Innalillahi wainna ilayhi rajiuun" kwa herufi zote, au "Bwana ametoa na Bwana ametwaa", hata kama watu themanini wameshaiandika juu yake. Hasa kwa sababu watu themanini wameshaiandika.

Malalamiko ya wazee kuhusu vitufe hivi ni ya kuchekesha mpaka uyasikilize vizuri. Mjomba amemwandikia mpwa wake ujumbe mrefu kuhusu shamba la familia, kwa kidole kimoja, miwani imeshuka puani, nusu saa nzima. Jibu linarudi: kidole gumba. "Shikamoo hakuna, neno hakuna, unanirudishia kidole?" Mpwa anaona amejibu upesi na kwa adabu, mjomba anaona amebipiwa na mtu mwenye salio. Na kwa kanuni zile za Donner, mjomba ana hoja. Kuandika maneno ni gharama ya muda, na anayejiweza kwa muda, kijana, alipaswa kuitoa.

Kitufe kina uso mwingine ambao mtaa hauuoni. Nyaraka za ndani za Facebook zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba tangu 2017 kampuni ilikuwa ikihesabu moyo, kicheko, huzuni na hasira kuwa na uzito mara tano ya like katika kuamua posti gani isambazwe. Aliyebonyeza uso wa hasira chini ya habari ya uongo kwa nia ya kuipinga alikuwa ameisukuma mbele zaidi ya aliyeipenda. Uzito wa hasira ulishushwa hatua kwa hatua, na Septemba 2020 ukafika sifuri. Mwenye kutunza ukumbini angalau alijua noti yake imeingia mfuko wa nani.

Na serikali nazo zilijifunza kusoma mahudhurio. Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwenye blogu kulipia leseni, gharama zote zikifikia zaidi ya shilingi milioni mbili. Wakati huohuo Mange Kimambi, mwanaharakati anayeishi Marekani, alikuwa akiitisha kupitia Instagram maandamano ya nchi nzima siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili. Alikuwa na wafuasi wengi mno. Posti zake zilijaa mioyo. Polisi walitoa maonyo makali, na siku ilipofika mitaa ya Dar es Salaam ilikuwa tulivu, doria zikizunguka, na waliokamatwa walikuwa wachache. Wapo waliocheka kwamba Watanzania ni mashujaa wa vidole. Ni rahisi kucheka, lakini kicheko hicho kilichukua moyo wa Instagram kuwa ni kiapo cha kutoka nyumbani, na wengi hawakuwa wameapa. Walikuwa wamesema tumesikia, na tunakubaliana na ulichokisema, kwa njia ambayo kesho yake mtu angeweza kujitetea kwamba kidole kiliteleza. Ni kukana kulekule kwa mtunzaji wa taarab, ila safari hii aliyekuwa kwenye ile meza ana gari la doria. Miaka saba baadaye, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, watu walitoka, damu ikamwagika na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Yeyote aliyeyachukua ya 2018 kuwa ndiyo tabia ya watu hawa alikuwa amesoma kitufe vibaya kwa mara ya pili.

Ishara ilipokuwa bure, ilipoteza kitu, na watu waliligundua hilo mapema. Ndiyo maana like zikaanza kuombwa, kisha kuuzwa. Biashara ya kununua like na wafuasi ipo wazi, na msanii chipukizi anashauriwa na meneja wake anunue za kuanzia, kama tu mwenye shughuli wa zamani alivyompa shangazi noti za kwenda kufungua dimba la kutunza. Instagram ilijaribu kuficha hesabu ya like kuanzia 2019, na Mei 2021 ikamwachia kila mtumiaji uamuzi wa kuificha. Wachache sana wa huku waliichukua nafasi hiyo. Ukificha idadi, umetunza gizani.

Halafu noti ikarudi. Kwenye matangazo ya moja kwa moja ya TikTok, mtazamaji hununua sarafu za programu na kumtupia mtangazaji zawadi: ua la waridi kwa sarafu moja, au simba anayenguruma skrini nzima kwa maelfu ya sarafu. Jina la aliyetoa linapita mbele ya wote. Watangazaji wawili wa Dar es Salaam na Nairobi wakishindanishwa kwa dakika tano, kila mmoja huwaita watu wake kwa majina. "Ahsante sana mdogo wangu wa Oman! Nani anamjibu? Nani anamjibu?" Anayelipia simba akiwa Muscat usiku wa manane, baada ya zamu ya kazi, anafanya kile alichokifanya bibi yake, hata ile mizunguko ya kupitia kwenye meza ya mshindani imo. Kilichobadilika ni mgao. Uchunguzi wa BBC wa mwaka 2022 kuhusu wakimbizi wa ndani wa Syria waliokuwa wakiomba zawadi hizo ulikuta kampuni ikibaki na hadi asilimia 70 ya fedha. Bwana wa ukumbi wa taarab wa zamani angeona haya kukata kiasi hicho.

Mahakama nazo zimeitwa kusoma ishara. Juni 2023 jaji mmoja wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, alimwamuru mkulima kulipa zaidi ya dola 82,000 za huko. Mkulima huyo alikuwa ametumiwa kwa simu picha ya mkataba wa kuuza kitani, akarudisha kidole gumba, na baadaye hakupeleka mzigo. Alijitetea kwamba alimaanisha nimeupata, siyo nimekubali. Jaji aliangalia mazoea ya wawili hao ya miaka ya nyuma, mikataba iliyokuwa ikithibitishwa kwa "sawa" na "ndiyo" fupi fupi, akasema kidole kimetosha kuwa sahihi. Mahakama ya rufani iliunga mkono hukumu hiyo Desemba 2024.

Kibaha hilo si jambo la mbali, kwa sababu kinachouzwa kwa WhatsApp zaidi ya maji ya boza ni ardhi. Dalali hutuma picha nne: bikoni moja, nguzo ya umeme ya jirani, njia ya kuingilia, na nyingine ya mbali inayoonyesha kilima. Chini yake ukubwa kwa mita, bei, na neno "maongezi yapo". Mteja yuko ofisini Posta, au yuko ughaibuni, na anachorudisha ni kidole gumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua sahihi za kielektroniki. Wakili mjanja angeweza kupata kazi ya kutosha katikati ya hizo mbili. Madalali hawana muda huo. Wamezoea watu, na wanajua kidole cha mteja kinaweza kuwa nimependa, nimeona, niache kidogo, au sina hela lakini sitaki ujue. Kwa hiyo ndani ya dakika kumi simu inaita, ya kupigwa kabisa, kwa salio lake mwenyewe:

"Bosi wangu, nimekiona kidole chako. Sasa unakuja lini kuliona eneo? Maana kuna mtu wa Kimara naye kagonga."